Jim Thorpe, Mtu wa Mipira Miwili

Jim Thorpe alikuwa mwanamichezo wa Marekani aliyelipwa kucheza besiboli na futiboli ya Kimarekani wakati ambapo mchezo mmoja ulikuwa tayari ni ajira yenye heshima, na mwingine bado ulihesabiwa kuwa kibarua cha watu wa viwandani. Kati ya 1913 na 1919 alicheza mechi 289 katika ligi kuu ya besiboli. Futiboli ya kulipwa aliianza 1915, akaiacha 1928 akiwa na miaka 41, baada ya kupita katika timu chungu nzima. Kabla ya yote hayo alikuwa ametwaa medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya 1912, akanyang'anywa miezi michache baadaye kwa kosa la kupokea malipo madogo katika ligi ya besiboli ya mji mdogo. Suala la nani ana haki ya kulipwa kwa kucheza, na kwa mchezo upi, lilimfuata maisha yake yote, na lilikuja kumalizwa miaka 69 baada ya kifo chake.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji maelezo mafupi. Besiboli huchezwa na timu mbili za watu tisa tisa. Mrushaji anautupa mpira mdogo, mgumu, na mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo la mbao, kisha anakimbia kuzunguka vituo vitatu hadi arudi alipoanzia. Akifika salama, timu yake imepata alama moja. Futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa watu kumi na mmoja kila upande, mpira wake una umbo la yai, na mara nyingi zaidi hubebwa mikononi au hurushwa kuliko kupigwa teke. Kuuvusha mpira nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, yaani tachidauni, kunaleta alama 6. Mkwaju unaopita kati ya milingoti ya goli unaleta 3. Enzi za Thorpe wachezaji walewale kumi na mmoja walishambulia na kukaba, kofia zilikuwa za ngozi laini, na wengine hawakuvaa kabisa.

Kalenda ndiyo iliyowezesha mtu mmoja kuwa na kazi mbili. Msimu wa besiboli ulianza Aprili na kumalizika mwanzoni mwa Oktoba. Futiboli ilishika kasi Oktoba, ikaendelea hadi baridi kali ya Desemba. Mchezaji mwenye mwili wa kustahimili aliweza kuweka gongo chini wiki moja na wiki ya pili akawa anagongana na watu matopeni.

Hadhi ya michezo hiyo ilikuwa tofauti sana. Besiboli ilikuwa na timu ya kulipwa hadharani tangu 1869, pale Cincinnati Red Stockings walipowaweka wachezaji wao wote kwenye mshahara. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa na ligi kuu mbili, viwanja vikubwa na wachezaji waliojulikana nchi nzima. Futiboli ilikuwa mali ya vyuo vikuu. Vijana wa Harvard, Yale na Princeton waliicheza kwa sifa ya chuo, na kulipwa kulionekana kama kuuza heshima. Malipo ya kwanza yenye ushahidi wa maandishi yalitolewa Novemba 1892, klabu moja ya Pittsburgh ilipompa William Heffelfinger dola 500 kwa mechi moja, na hata hizo zilitolewa kimyakimya. Baada ya hapo mpira wa kulipwa ulihamia kwenye miji ya migodi na viwanda ya Pennsylvania na Ohio, ambako mechi zilichezwa Jumapili, siku pekee ambayo mfanyakazi alikuwa huru.

Thorpe hakuwa wa kwanza kuchanganya mipira hiyo miwili. Mwaka 1902 wenye timu za besiboli za Philadelphia walijaribu kuanzisha ligi ya futiboli ili majina yao yaendelee kuingiza fedha majira ya vuli, na mrushaji mashuhuri Christy Mathewson alicheza futiboli kwa muda mfupi katika timu ya Pittsburgh. Ligi hiyo haikuvuka msimu mmoja. Mwingine ni Charles Follis, kijana mweusi aliyekulia Wooster, Ohio, ambaye mwaka 1904 alisaini mkataba na timu ya futiboli ya Shelby na ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza anayejulikana kulipwa katika mchezo huo. Besiboli aliicheza pia, ila kwa kuwa ligi kuu zilikuwa zimewafungia mlango watu weusi, ilimbidi achezee Cuban Giants, timu ya watu weusi watupu. Alifariki 1910 kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 31. Waliomtangulia Thorpe walikuwepo, basi, lakini hakuna aliyefika juu katika michezo yote miwili na kubaki humo kwa miaka mingi kama yeye.

Alizaliwa katika eneo lililotengewa wenyeji wa asili, karibu na mji wa Prague katika jimbo ambalo sasa linaitwa Oklahoma. Vitabu vingi vinataja mwaka 1887. Baba yake, Hiram, alikuwa mtoto wa mhamiaji wa Ireland na mama wa kabila la Sac na Fox. Mama yake, Charlotte Vieux, alikuwa na damu ya Kifaransa na ya kabila la Potawatomi. Jina lake la kikabila, Wa-Tho-Huk, hufasiriwa kuwa njia iliyoangaza. Alikuwa na pacha wake, Charlie, aliyefariki wakiwa watoto wa shule. Kifo hicho kilimfanya Jim aichukie shule, akawa anatoroka kila mara, na kila mara baba yake alimpeleka shule ya mbali zaidi. Kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa amepoteza wazazi wote wawili.

Mwaka 1904 alipelekwa Carlisle, Pennsylvania, kwenye shule ya bweni iliyofunguliwa 1879 katika kambi ya zamani ya jeshi. Mwanzilishi wake, Kapteni Richard Henry Pratt, alikusudia kuwafuta watoto wa wenyeji wa asili lugha na desturi zao. Walikatwa nywele wakifika, walivishwa sare, na walikatazwa kusema lugha za nyumbani kwao. Baadhi ya muda walipelekwa kuishi na familia za wazungu kama vibarua wa mashambani na wa majumbani. Thorpe naye alipelekwa, naye alitoroka. Fedha za wanafunzi wenye ardhi kwao zilishikwa na maofisa wa serikali, kwa hiyo kijana aliyetaka nauli au nguo alilazimika kuandika barua ya maombi ili apewe kilicho chake. Jambo hilo linafaa kukumbukwa pale habari ya malipo ya besiboli itakapofika.

Kocha wa michezo Carlisle alikuwa Glenn Warner, aliyejulikana zaidi kwa jina la Pop. Kisa cha kugunduliwa kwa Thorpe kimesimuliwa mara nyingi. Siku moja ya majira ya machipuko, 1907, alikuwa anapita uwanjani akiwa na ovaroli ya kazi, akawakuta wanariadha wakishindwa kuruka upau uliowekwa kwenye kimo cha futi 5 na inchi 9, kama mita 1.75. Akaomba naye ajaribu, akauruka na nguo zake zilezile. Warner akamwita ofisini kesho yake. Futiboli ilimjia kwa taabu zaidi, maana kocha aliogopa mwanariadha wake bora asije akavunjwa mguu. Alikubali tu kumpa mpira mazoezini ili wakabaji wamwangushe na kumtia adabu. Wakabaji ndio walioachwa chini.

Katika kiangazi cha 1909 Thorpe aliondoka Carlisle na wenzake wawili, akaishia Rocky Mount, North Carolina, katika ligi ya besiboli iliyoitwa Eastern Carolina League. Alicheza huko 1909 na tena 1910, akirusha na kupiga. Viwango vya malipo vinavyotajwa ni kati ya dola 2 kwa mechi na dola 35 kwa wiki. Wanafunzi wengi wa vyuo walifanya vivyo hivyo likizoni. Tofauti ni kwamba wengi wao walijiandikisha kwa majina ya uongo ili wakirudi chuoni waendelee kuhesabiwa wachezaji wa ridhaa. Thorpe alitumia jina lake halisi, likachapishwa magazetini pamoja na matokeo.

Aliporudi Carlisle 1911 alikuwa mtu mzima wa mwili. Novemba mwaka huo shule hiyo ndogo ilikwenda Cambridge, Massachusetts, kucheza na Harvard, mojawapo ya timu kubwa za nchi. Carlisle walishinda 18 kwa 15. Alama 12 kati ya hizo zilitokana na mikwaju minne ya Thorpe, aliyecheza akiwa na maumivu ya mguu. Mwaka uliofuata waliifunga timu ya jeshi huko West Point 27 kwa 6. Miongoni mwa wachezaji wa jeshi alikuwemo Dwight Eisenhower, baadaye rais wa Marekani, ambaye hata alipokuwa mzee alimtaja Thorpe kama mchezaji asiye na mfano. Miaka hiyo yote miwili alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vya nchi nzima.

Katikati ya misimu hiyo miwili ndipo ilipokuja Stockholm. Olimpiki ya Julai 1912 ilikuwa na mashindano mawili ya kupima mwanariadha kamili: pentathloni yenye michezo mitano na dekathloni yenye kumi. Katika pentathloni Thorpe alikuwa wa kwanza katika kuruka chini, mbio za mita 200, kurusha kisahani na mbio za mita 1,500. Mkuki pekee ndio uliomshinda, akawa wa tatu. Dekathloni ilichukua siku tatu. Aliruka juu mita 1.87, akakimbia mita 110 za viunzi kwa sekunde 15.6, na siku ya mwisho akamaliza mita 1,500 kwa dakika 4 na sekunde 40.1. Jumla yake ilikuwa alama 8,412, karibu 700 mbele ya Hugo Wieslander wa Sweden aliyemfuata. Yapo mazungumzo yanayosimuliwa kati yake na Mfalme Gustav wa Tano wakati wa kukabidhiwa zawadi. Yamepambwa mno na waandishi wa baadaye kiasi kwamba ni bora kuyaacha. Picha zake za huko, hata hivyo, zipo. Mojawapo inamwonyesha amevaa viatu viwili visivyofanana, na inaelezwa kwamba vyake vilipotea, akaokoteza vingine.

Januari 1913 gazeti la Worcester, Massachusetts, lilichapisha habari kwamba bingwa wa Olimpiki aliwahi kulipwa kucheza besiboli. Kanuni za wakati huo zilimkataza mwanariadha wa ridhaa kupokea malipo katika mchezo wowote, hata kama haukuhusiana na ule alioshindania. Thorpe aliandika barua kwa chama cha riadha cha Marekani akikiri, na kueleza kwamba alikuwa mwanafunzi asiyejua ubaya wa alichokifanya. Wanahistoria wengi wanaona mkono wa Warner katika barua hiyo. Warner na mkuu wa shule walidai hawakujua lolote, dai lisiloaminika, kwa kuwa vijana wao walikuwa wakienda kucheza besiboli kila kiangazi. Chama kilimfuta katika orodha ya ridhaa, kamati ya kimataifa ya Olimpiki ikazichukua medali, zikakabidhiwa kwa Wieslander na kwa Ferdinand Bie wa Norway, aliyemfuata katika pentathloni. Kitabu cha kanuni za michezo ya Stockholm kilisema wazi kwamba pingamizi lolote lazima liwasilishwe ndani ya siku 30 tangu michezo kufungwa. Ilikuwa imepita miezi sita. Hakuna aliyejishughulisha kukifungua.

Kwa kuwa sasa hakuwa na hadhi ya ridhaa ya kulinda, timu za besiboli zilimkimbilia. Alisaini na New York Giants, timu ya meneja John McGraw, mmoja wa watu wakali kuliko wote katika mchezo huo. Kwa upande wa biashara mkataba ulilipa, maana jina la Thorpe liliuza tiketi. Kwa upande wa mchezaji haukumsaidia. Besiboli ni ufundi unaojengwa kwa kupiga mpira kila siku, na McGraw alimkalisha benchi: mechi 19 mwaka 1913, 30 mwaka 1914, 17 mwaka 1915. Katika miezi ya baridi ya 1913 na 1914 Giants na Chicago White Sox walizunguka dunia kuonyesha besiboli, wakipita Japani, Ufilipino, Australia, Misri, Italia na Ufaransa hadi London, ambako Mfalme George wa Tano alikuja kutazama. Thorpe alikwenda na mkewe Iva, ambaye walikuwa wamefunga ndoa muda mfupi kabla ya safari. Katika nchi ambazo watu hawakujua besiboli ni nini, yeye ndiye aliyekuwa akitafutwa.

Yapo maneno yaliyoenea kwamba hakuweza kupiga mpira unaopinda angani. Takwimu zinasema jambo la wastani zaidi. Katika maisha yake ya ligi kuu alifanikiwa kupiga na kufika kituoni kwa kiwango cha 252 kwa kila mara 1,000, ilhali mpigaji mzuri hufikia 300. Lakini mwaka wake wa mwisho, 1919, alipohamishiwa Boston Braves na kupewa nafasi ya kucheza mfululizo mechi 60, alifikia 327. Ni haki kuuliza angekuwa nani kama angepewa nafasi hiyo miaka sita mapema.

Mwaka 1917 ulikuwa na matukio mawili yanayoonyesha vizuri maisha yake katika besiboli. La kwanza ni la tarehe 2 Mei, akiwa amekopeshwa kwa Cincinnati Reds. Walicheza Chicago dhidi ya Cubs, na kwa zamu zote tisa za kawaida za mechi hakuna timu iliyopata hata pigo moja halali: Fred Toney wa Cincinnati na Jim Vaughn wa Chicago walikuwa wanarusha mipira isiyopigika. Mechi ya namna hiyo haijatokea tena katika ligi kuu. Katika zamu ya kumi Larry Kopf alipata pigo la kwanza la siku hiyo, kosa la mlinzi likamsogeza hadi kituo cha tatu, na Thorpe akashika gongo. Hakuupiga mbali. Mpira ulidunda polepole karibu na mrushaji. Vaughn akauokota, akaona kwamba hawezi kumwahi Thorpe kwa mbio zake, akamtupia mdakaji aliyekuwa mahali pa kuanzia. Mdakaji hakuwa tayari, mpira ukamgonga, Kopf akaingia. Bao 1 kwa 0, kwa pigo ambalo lisingefika hata nusu ya uwanja, na kwa miguu ya mkimbiaji wa Stockholm.

La pili ni la Oktoba, Giants walipokutana na White Sox kwenye fainali. Katika mechi ya tano jina la Thorpe liliandikwa kikosini kwa sababu White Sox walianza na mrushaji wa mkono wa kushoto. Mrushaji huyo akaondolewa kabla hajamtoa mtu hata mmoja, akaingia wa mkono wa kulia, na McGraw akamtoa Thorpe kabla zamu yake ya kupiga haijafika. Katika kumbukumbu anahesabiwa kuwa alicheza fainali. Hakugusa mpira.

Futiboli ilimpokea tofauti kabisa. Miji ya Canton na Massillon, Ohio, ni majirani wasiopendana, na ushindani wao ulikuwa umeshaiharibu futiboli ya kulipwa mara moja: mwaka 1906 zilizuka tuhuma za mechi kuuzwa kwa wacheza kamari, na mchezo ukadorora kwa miaka. Mwaka 1915 meneja wa Canton Bulldogs, Jack Cusack, kijana aliyekuwa karani, alimpa Thorpe ahadi ya dola 250 kwa kila mechi. Washauri wake walimwambia atafilisika. Canton ilikuwa ikipata watazamaji kama 1,200 kwa mechi; Thorpe alipoanza kucheza dhidi ya Massillon walifika maelfu.

Mechi ya marudiano, Novemba 1915 mjini Canton, inastahili kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu inaonyesha futiboli ya kulipwa ilivyokuwa kabla ya kuwa na mwenyewe. Watu walikuwa wengi mno, wakasimama hadi ndani ya eneo la nyuma ya mistari ya goli. Timu zikakubaliana kanuni ya papo hapo: mchezaji akivuka mstari akatumbukia katikati ya watazamaji, lazima atoke humo akiwa bado ameushika mpira, ndipo tachidauni ihesabiwe. Thorpe alipiga mikwaju miwili, Canton wakawa mbele 6 kwa 0. Dakika za mwisho mchezaji wa Massillon aitwaye Briggs alidaka mpira, akavuka mstari, akazama ndani ya umati. Mpira ukachomoka, ukaangukia mikononi mwa mchezaji wa Canton. Briggs alitoka akipiga kelele kwamba polisi mwenye vifungo vya shaba amempiga teke mkononi. Akajibiwa kwamba Canton haina polisi wanaovaa sare hizo. Umati ukafurika uwanjani, mechi ikavunjika, na kwa kuwa fedha nyingi za kamari zilikuwa zimewekwa, waamuzi waliandika uamuzi wao, wakaufunga katika bahasha usomwe hotelini baada ya saa sita usiku, wao wakiwa wameshaondoka mjini. Ushindi ukabaki kwa Canton. Cusack alisimulia kwamba miaka mingi baadaye alikutana na kondakta wa tramu, mwenye sare ya vifungo vya shaba, aliyekiri kuwa ndiye aliyeupiga teke mpira ule, maana alikuwa ameweka dola 30 juu ya Canton.

Kutoka hapo Thorpe aliishi kwa mzunguko: besiboli kiangazi, Canton vuli. Bulldogs walijitangaza mabingwa 1916, 1917 na 1919, neno kujitangaza likiwa halisi, kwa sababu hapakuwa na ligi ya kuwapa ubingwa. Hapakuwa pia na sheria ya kumzuia mchezaji kuchezea timu tatu katika mwezi mmoja. Besiboli ilikuwa na kifungu cha mkataba kilichomfunga mchezaji kwa timu yake mpaka iamue yenyewe kumwachia. Futiboli ilikuwa mnada wa wazi, mwenye dau kubwa Jumapili hiyo ndiye aliyempata mtu. Wachezaji walifurahi. Wenye timu waliumia, kwani malipo yalipanda na hapakuwa na ratiba ya kutegemea.

Tarehe 17 Septemba 1920 wawakilishi wa timu kadhaa walikutana Canton katika duka la magari la Ralph Hay, mwenye Bulldogs wakati huo. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye vidato vya kupandia magari yaliyokuwa yakiuzwa. Mmoja wao alikuwa George Halas, ambaye naye mwaka mmoja kabla alikuwa amecheza mechi 12 za besiboli na New York Yankees. Walianzisha chama cha futiboli ya kulipwa, na wakamchagua Thorpe kuwa rais. Hakuchaguliwa kwa uhodari wa makaratasi, na makaratasi kweli hakuyashughulikia. Wajumbe walitaka jina ambalo magazeti yangelichapisha. Mwaka uliofuata nafasi ilikwenda kwa Joe Carr, mtendaji hasa. Mwaka 1922 chama kikabadili jina kuwa National Football League, ambayo leo ni ligi tajiri kuliko zote duniani.

Mwaka huohuo wa 1922 Thorpe alipewa kazi ya ajabu kuliko zote. Walter Lingo, mfugaji wa mbwa aina ya Airedale katika kijiji cha LaRue, Ohio, alianzisha timu ya wenyeji wa asili watupu ili kutangaza mbwa wake. Iliitwa Oorang Indians, na Thorpe alikuwa kocha na mchezaji. Yasemekana ada ya kujiunga na ligi ilikuwa ndogo kuliko bei ya mbwa mmoja wa Lingo. LaRue haikuwa na uwanja wa kufaa, hivyo timu ilizunguka. Wakati wa mapumziko wachezaji hawakupumzika: walicheza ngoma, wakarusha mashoka na kuonyesha mbwa wakifanya kazi za mafunzo. Watazamaji walifurahia maonyesho kuliko mpira, na si ajabu, kwani katika misimu miwili timu ilishinda mechi nne tu. Watu waliokuwa wamefundishwa Carlisle waache mila zao sasa walilipwa kuziigiza mbele ya wazungu. Timu ikavunjwa mwisho wa 1923.

Miaka iliyobaki ilikuwa ya kuhama: Rock Island, New York, Canton tena, na mechi ya mwisho na Chicago Cardinals mwaka 1928. Mdororo wa uchumi ulimkuta California bila akiba. Alichimba mitaro, aliigiza nafasi ndogo katika filamu, na haki ya simulizi ya maisha yake aliiuza mwaka 1931 kwa dola 1,500. Olimpiki ya 1932 ilipofanyika Los Angeles hakuwa na fedha za tiketi. Makamu wa Rais Charles Curtis, mwenye asili ya kabila la Kaw, alimkaribisha akae naye, na watazamaji walipomwona wakasimama kumpigia makofi. Mwaka 1950 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walimchagua mwanamichezo bora wa nusu karne, mwaka uliofuata Burt Lancaster akamwigiza katika filamu, na mwaka huohuo Thorpe alilazwa kwa saratani ya mdomo akiwa hana fedha za matibabu. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 28 Machi 1953, Lomita, California.

Mazishi yake hayakuwa na utulivu. Ndugu zake Oklahoma walikuwa wameanza taratibu za kimila mke wake wa tatu, Patricia, alipouchukua mwili. Baada ya kutafuta wa kumpokea, alikubaliana na miji miwili ya Pennsylvania iliyokuwa imedorora, Mauch Chunk na East Mauch Chunk, ambayo iliungana mwaka 1954, ikajiita Jim Thorpe, na kumjengea kaburi ikitumaini kupata watalii. Hakuwahi kuishi hapo. Wanawe walikwenda mahakamani 2010 wakitaka arudishwe kwao. Jaji mmoja aliwapa haki 2013, mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi mwaka uliofuata, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi.

Jumba la kumbukumbu la futiboli ya kulipwa lilipofunguliwa Canton mwaka 1963, Thorpe alikuwa katika kundi la kwanza la walioingizwa. Kuhusu medali, ilibidi watafiti Robert Wheeler na mkewe Florence Ridlon wakitafute kile kitabu cha kanuni na kuonyesha kifungu cha siku 30. Mwaka 1982 kamati ya kimataifa ilikubali, na Januari 1983 watoto wake walikabidhiwa medali mpya, ila kumbukumbu rasmi zilimweka kama bingwa mwenza tu. Hilo lilirekebishwa Julai 2022. Kamati iliwasiliana na Norway na Sweden pamoja na ukoo wa Wieslander. Ikaelezwa kwamba Wieslander mwenyewe hakuwahi kuikubali dhahabu aliyopewa. Tangu hapo Thorpe ameandikwa mshindi pekee wa pentathloni na dekathloni za Stockholm, na Bie na Wieslander wamerudishiwa medali za fedha walizozipata uwanjani.